Kucha za Jeli: Tuisome Chupa Kabla ya Kunyoosha Mkono

Tuchukue mfano. Ni Jumamosi mjini Kyela, na siku ya pili yake kuna harusi ya ndugu. Binti wa nyumba, mwenye umri wa miaka 17, amechaguliwa kumsindikiza bibi harusi. Pamoja na wenzake anakwenda saluni, anapakwa rangi ya kucha ya jeli, anaingiza vidole ndani ya kitaa chenye mwanga wa zambarau, na baada ya dakika chache kucha zinang'aa kama kioo. Kila mtu anamsifu. Sikukuu ya Pasaka anarudia tena. Mara ya tatu anajipaka mwenyewe nyumbani, kwa kuwa yeye na rafiki zake wamechangishana wakanunua chupa na kitaa chao.

Baada ya siku kadhaa ncha za vidole zinaanza kuwasha. Ngozi inakuwa nyekundu, inapasuka na kubanduka. Mama anadhani ni sabuni ya kufulia. Shangazi anasema ni maji ya shambani, kwani ni wakati wa kupalilia mpunga. Halafu kope za macho zinavimba, na jirani anasema ni dagaa aliokula. Hakuna anayeziangalia kucha, maana kucha zenyewe bado ni nzuri.

Mfano huu hatukuutoa kwa mtu fulani, ila dalili hizo ndizo ambazo waganga wa ngozi wa nchi nyingi wamekuwa wakiziona kwa watumiaji wa jeli. Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Makala haya hayakuandikwa ili kuwagombeza mabinti wanaopenda kupendeza. Kupendeza si kosa. Tunataka tu wazazi, mabinti na mafundi wa saluni waelewe kilichomo ndani ya chupa, na kwa nini nchi nyingine zimeanza kukataza baadhi ya vitu hivyo.

JELI NI KITU GANI?

Rangi ya kucha ya kawaida hukauka kwa hewa. Dawa inayoiyeyusha huruka, ndiyo ile harufu kali tunayoisikia, na rangi hubaki juu ya kucha. Jeli haikauki kwa hewa. Ukiiacha kwenye kucha bila taa, itabaki laini na yenye kunata. Ili iwe ngumu ni lazima iive kwa mwanga.

Wasomaji wetu wa Matema na Ikombe wanawajua vizuri kina mama wa Kikisi, wafinyanzi wa vyungu. Chungu kibichi kinaweza kuonekana kizuri kabisa, lakini kabla ya kuchomwa ukikitia maji kitarudi kuwa tope. Kikichomwa vizuri, udongo unashikana na hauachani tena. Jeli nayo ni hivyo hivyo. Ndani ya chupa mna chembe ndogo ndogo za kemikali zinazoitwa akrilati na methakrilati. Mojawapo inayotumika sana huitwa HEMA. Mna pia kiambato kingine ambacho kazi yake ni kuudaka mwanga wa taa na kuzianzisha zile chembe zishikane mkono, moja na nyingine, mpaka ziwe mnyororo mrefu na mgumu. Kiambato cha namna hiyo kilichotumika kwa miaka mingi huitwa TPO.

Jeli ikiiva sawasawa, chembe nyingi huwa zimeshikana na hazina nafasi ya kupenya kwenye ngozi. Hatari iko katika jeli mbichi. Nayo hubaki mbichi kwa sababu zifuatazo:

1. Imepakwa nene mno, hivyo juu imeiva na chini bado.
2. Taa haikutengenezwa kwa ajili ya jeli ile. Kila jeli inahitaji mwanga wa aina yake na kwa muda wake.
3. Taa imechakaa, au inatumia betri iliyokwisha nguvu.
4. Fundi ana haraka, wateja ni wengi, na muda unakatwa.
5. Jeli imemwagika kwenye nyama ya kidole pembeni mwa ukucha, ikagusa ngozi kabla ya kufika kwenye taa.

Mtu anayejipaka nyumbani huangukia makosa haya kwa urahisi zaidi, kwa sababu hakufundishwa na mara nyingi hupaka kwa mkono wa kushoto.

MZIO USIOSAHAU

Mwili una askari wake. Jeli mbichi inapogusa ngozi mara ya kwanza, mara nyingi hakuna kinachoonekana. Askari wanaitazama tu. Ikigusa tena na tena, siku moja wanaihesabu kuwa adui. Tangu siku hiyo, kila inapogusa ngozi, hata kwa kiasi kidogo, vita vinaanza: kuwashwa, wekundu, malengelenge, ngozi kupasuka. Hali hii tunaiita mzio, na wengi huiita aleji. Ndiyo sababu mtu husema, "Mbona nimepaka mwaka mzima bila shida?" Mzio huja baada ya mazoea.

Kope za macho na shingo huvimba kwa sababu tunazigusa kwa vidole bila kufikiri. Wakati mwingine vidole vinaonekana vizima na macho ndiyo yanayougua, na mgonjwa anatibiwa macho kwa muda mrefu bila nafuu.

Mwaka 2018 Chama cha Waganga wa Ngozi cha Uingereza kilitoa onyo juu ya jambo hili. Katika vituo 13 vya Uingereza na Ireland walikuwa wamewapima wagonjwa 4,931. Asilimia 2.4 kati yao walionekana kuwa na mzio wa kemikali hizi, na katika hao wenye mzio asilimia 93 walikuwa wanawake.

Sasa tulifikie jambo kubwa zaidi. Rangi ya jeli hudumu majuma mawili au matatu. Mzio wake hudumu maisha yote. Tena kemikali za ukoo huo huo hutumiwa hospitalini. Mganga wa meno anapoziba jino lililotoboka kwa dawa nyeupe, hutumia vitu vyenye methakrilati. Saruji inayoshikilia kiungo bandia cha nyonga au goti ni ya ukoo huo. Baadhi ya vifaa vinavyobandikwa mwilini kwa wagonjwa wa kisukari vina gundi yenye akrilati. Hivyo binti anayepata mzio akiwa na miaka 17 kwa ajili ya sherehe ya siku moja, anaweza kupata taabu akiwa na miaka 50 anapohitaji matibabu. Ni vema alijue hilo kabla, si baada.

Aliye katika hatari kubwa kuliko wote ni fundi mwenyewe. Mteja hugusana na jeli mara moja kwa majuma kadhaa, lakini fundi huishika kila siku. Wengi wa mafundi hawa ni mabinti zetu walioanza na mtaji mdogo wa kitaa kimoja na chupa kumi. Akipata mzio, amepoteza ngozi ya mikono na amepoteza kazi pia.

MADHARA MENGINE

Kukwangua ukucha. Kabla ya kupaka, na wakati wa kutoa, ukucha hukwanguliwa kwa tupa au mashine. Ukikwanguliwa mno huwa mwembamba kama karatasi, unauma na kukatika. Kuibandua jeli kwa meno au kwa kisu hung'oa tabaka la ukucha pamoja nayo.

Unyevu. Jeli au kucha bandia ikiachia upande mmoja, maji huingia chini yake na kukaa. Huku kwetu mikono haikai kavu. Leo ni kupalilia mpunga, kesho kupasua kakao, jioni kupaa mbasa au kuosha dagaa. Chini ya ukucha ulioachia huota vijidudu na ukungu, na ukucha unageuka kijani au kahawia. Kuupaka rangi nyingine juu ili kuficha ni kuutunza ugonjwa.

Gundi. Wapo wanaobandika kucha bandia kwa gundi kali za madukani zilizotengenezwa kwa ajili ya viatu na vyombo. Gundi hizi zikidondokea pamba au nguo ya pamba hutoa joto kali linaloweza kuunguza ngozi. Zikiingia jichoni ni hatari.

Dawa ya kutolea. Asetoni hushika moto upesi sana. Isifunguliwe karibu na jiko la mkaa, mshumaa au kibatari, wala isiwekwe kwenye chupa ya soda ambapo mtoto anaweza kuinywa.

Hospitalini. Rangi nzito inaweza kuharibu usomaji wa kile kifaa kinachobanwa kidoleni kupima hewa ya damu. Mama mjamzito aliye karibu kujifungua, na mtu yeyote anayekwenda kufanyiwa upasuaji, atoe rangi mapema.

SHERIA ZINABADILIKA

Wengine huuliza, "Kama ni hatari, mbona zinauzwa?" Jibu ni kwamba elimu hukua polepole, na sheria hufuata nyuma yake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 huko Marekani watu walilalamika juu ya kucha bandia zilizotengenezwa kwa kemikali iitwayo methili methakrilati. Kucha zao zilikuwa zinaharibika na ngozi kuvimba. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya nchi hiyo ilikwenda mahakamani, na bidhaa zilizokuwa na kemikali hiyo tupu zikaondolewa sokoni. Watengenezaji wakahamia kwenye kemikali za jamaa yake.

Mwaka 2021 Umoja wa Ulaya ulianza kutekeleza kanuni kuhusu HEMA na ndugu yake aitwaye Di-HEMA Trimethylhexyl Dicarbamate. Bidhaa za kucha zenye viambato hivyo zitumiwe na mafundi waliosomea tu, na chupa iandikwe onyo kwamba zinaweza kuleta mzio.

Kisha ikaja zamu ya TPO. Hapo awali Ulaya iliiruhusu kwa mafundi, isizidi asilimia 5 ya bidhaa. Lakini uchunguzi uliofanywa kwa wanyama waliolishwa kwa kiasi kikubwa ulionyesha kuwa inadhuru uwezo wa kuzaa. Sheria ya Ulaya inasema kemikali ikishawekwa katika kundi hilo haifai kuwa katika vipodozi, isipokuwa kwa ruhusa maalumu. Hivyo tangu tarehe 1 Septemba 2025 ni marufuku katika nchi za Umoja wa Ulaya kuuza jeli yenye TPO, na hata fundi aliyebaki na chupa za zamani haruhusiwi kumpaka mteja.

Hapa tuwe waangalifu tusitiane hofu bure. Panya aliyelishwa kemikali si sawa na binti aliyepakwa jeli ikaiva juu ya ukucha. Haijathibitishwa kwamba wanawake waliopakwa jeli hiyo wamekosa watoto kwa sababu yake. Marekani haikuipiga marufuku wakati Ulaya ilipofanya hivyo. Ulaya ilichagua kujihadhari mapema. Kwa hiyo kama uliwahi kuipaka, usikose usingizi. Ila kwa siku zijazo, kama kuna jeli isiyo na TPO na iliyo nayo, hakuna sababu ya kuchagua iliyo nayo.

Hapa nchini suala la kucha lilifika hata Bungeni. Mwezi Septemba 2018, baada ya Naibu Waziri wa Afya wa wakati huo, Dk. Faustine Ndugulile, kuzungumzia madhara ya kiafya ya kope na kucha bandia, Spika wa wakati huo, Job Ndugai, aliwakataza wabunge kuingia ukumbini wakiwa nazo. Watu walicheka, wengine wakakasirika. Lakini tuangalie jambo moja: katazo lile lilimhusu mvaaji, halikuigusa chupa. Nyumbani nasi hufanya hivyo hivyo. Tunamgombeza binti kwa kucha zake, na hatuulizi kilichomo ndani ya kile alichopakwa.

SOMO LA ZEBAKI

Kwa nini sheria ya Ulaya ituhusu sisi tunaokaa kando ya Ziwa Nyasa? Tunalo somo la zamani, tena la hapa hapa Afrika Mashariki.

Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha uchunguzi juu ya watu wazima 60 waliokuwa wamevimba mwili kwa ugonjwa wa figo. Zaidi ya nusu yao walikuwa wametumia mafuta ya kujichubua yenye zebaki. Zebaki ilikuwa imepita kwenye ngozi, ikaingia katika damu na kuziumiza figo.

Mwaka 1976 nchi za Jumuiya ya Ulaya zilikataza zebaki katika vipodozi vya watu wao, isipokuwa kidogo sana katika vipodozi vya macho. Lakini sabuni za zebaki ziliendelea kutengenezwa huko kwa ajili ya kuuzwa nje, na nyingi zilikuja Afrika. Ilipofika mwaka 2003 ndipo sheria ya Umoja wa Ulaya ilipokataza kuzisafirisha nje. Hesabu mwenyewe: miaka 27. Kitu kilichoonekana ni sumu kwa mtu wa kule kiliendelea kupakiwa melini kuletwa kwa mtu wa huku. Baadaye ulipatikana Mkataba wa Minamata juu ya zebaki, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020.

Hatusemi kwamba jeli ni sawa na zebaki. Tunasema njia ni ile ile. Bidhaa ikikatazwa mahali pamoja, iliyobaki ghalani hutafuta soko lingine. Na soko rahisi ni lile ambalo mnunuzi hasomi chupa.

HUKU KWETU MPAKANI

Kyela ni njia panda. Bidhaa hutujia kwa malori kutoka Dar es Salaam na Mbeya, nyingine kupitia kituo cha mpaka cha Kasumulu. Zipo pia zinazovushwa kwa vipenyo vya mto Songwe au kwa mitumbwi ziwani, bila kuonwa na mkaguzi yeyote. Katika mikoa ya mipakani wakaguzi wamekuwa wakikamata na kuteketeza vipodozi vyenye viambato vilivyokatazwa, hasa vya kujichubua.

Kwa sheria yetu, kipodozi si mafuta na sabuni tu. Rangi ya kucha nayo ni kipodozi. Tangu mwaka 2003 kazi ya kusimamia vipodozi ilikuwa ya Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA. Mwaka 2019 sheria ilibadilishwa: TFDA ikawa TMDA, inayoshughulikia dawa na vifaa tiba, na usimamizi wa chakula na vipodozi ukahamishiwa Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Kwa hiyo mwenye mashaka na chupa ya jeli aende TBS. Wana ofisi ya kanda ya Nyanda za Juu Kusini mjini Mbeya. Ukiwa mbali, anza na bwana au bibi afya wa kata yako.

Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ina viwango vya vipodozi, vinavyojulikana kwa namba EAS 377, vyenye orodha za kemikali zilizokatazwa na zenye masharti. Orodha hizo zinafuata sana mfano wa Ulaya. Lakini Ulaya inapobadilisha orodha yake, yetu haibadiliki yenyewe siku hiyo hiyo. Lazima wataalamu wakae, waijadili na kuichapisha upya. Katika muda huo wa kusubiri, mlinzi wa kwanza ni macho yako.

TUFANYE NINI?

Kwa anayetaka kupakwa:

1. Omba kuiona chupa. Iwe na jina la bidhaa, jina la mtengenezaji na nchi, orodha ya viambato, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi. Chupa isiyo na maandishi, au iliyojazwa kutoka dumu, iache.
2. Tafuta jina HEMA. Tafuta pia TPO, ambayo kwenye chupa huandikwa kwa jina lake refu: Trimethylbenzoyl Diphenylphosphine Oxide. Liandike kwenye karatasi ulibebe.
3. Chupa iliyoandikwa kuwa haina HEMA si lazima iwe salama kabisa, kwani zipo akrilati nyingine. Bado jeli isiguse ngozi.
4. Usijipake jeli nyumbani kama hukufundishwa. Rangi ya kawaida kwa sherehe inatosha, na unaweza kuitoa jioni ile ile.
5. Vaa glavu zilizokatwa ncha au funika mikono kwa kitambaa unapoiweka kwenye taa, maana mwanga wake ni wa jamii ya ule wa jua unaodhuru ngozi.
6. Zipumzishe kucha kati ya sherehe na sherehe. Usipake wakati wa kazi za majini.
7. Watoto wasipakwe jeli kabisa, hata kwa Komunyo ya Kwanza. Mzio unaoanza utotoni una safari ndefu.

Kwa fundi wa saluni:

1. Tumia taa iliyopendekezwa na mtengenezaji wa jeli ile, kwa muda aliouandika. Usipunguze hata kama foleni ni ndefu.
2. Paka nyembamba, tabaka kwa tabaka. Acha nafasi ndogo kati ya jeli na nyama ya kidole. Ikimwagika, futa kabla ya kuiweka kwenye taa.
3. Vaa glavu za nitraili na uzibadilishe kwa kila mteja, au mara tu zinapochafuka. Jeli hupenya glavu baada ya muda mfupi, kwa hiyo glavu isiwe ruhusa ya kuishika.
4. Fungua madirisha, na vaa barakoa unapokwangua. Vumbi lile lisiangukie chakula wala mtoto aliyelala mgongoni.
5. Tupa na vikatio vioshwe na kutakaswa kila baada ya mteja.
6. Mteja akisema vidole vinamwasha, usimpake tena, hata akikuongezea fedha.

UKIONA DALILI

Acha jeli mara moja. Itolewe taratibu kwa pamba yenye asetoni, ikiwezekana na mtu mwingine aliyevaa glavu, bila kukwangua kwa nguvu. Osha mikono kwa maji na sabuni laini, kausha, kisha paka mafuta ya kawaida yasiyo na manukato. Usinunue krimu kali za ngozi kwa kushauriwa na jirani. Nyingine zina dawa za steroidi zinazoweza kuzidisha tatizo zikitumiwa ovyo, hasa usoni.

Nenda zahanati au Hospitali ya Wilaya upesi ikiwa kope zimevimba, kuna usaha, ukucha unaachia, au unapumua kwa shida. Gundi ikiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi kwa muda mrefu, usiyalazimishe macho kufunguka, kisha nenda hospitali. Vidole vikigandana, loweka katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni na kuviviringisha taratibu, usivivute.

Mweleze mganga kwamba ulipaka jeli, na kama ipo nenda na chupa yake. Bila neno hilo anaweza kutibu macho au ukungu kwa miezi. Mzio huu hupimwa kwa kubandika kemikali kidogo kidogo mgongoni kwa siku mbili na kuangalia ni ipi inayoleta wekundu. Anayehitaji uchunguzi zaidi hupewa rufaa kwenda kwa waganga bingwa wa ngozi. Ukiambiwa una mzio wa akrilati, liandike katika daftari lako la matibabu, na kila utakapokwenda kuziba jino au kupasuliwa umwambie mganga kabla hajaanza.

MWISHO

Wazazi wapendwa, binti akirudi na kucha zinazong'aa tusianze na ukali. Ukali humfanya ajifiche, na anayejificha ndiye anayejipaka chumbani kwa kitaa cha kuazima. Tumwite tukae naye. "Mwanangu, zimependeza. Chupa yake uliisoma?" Huenda atajibu, "Hapana, mama, sikujua kuna cha kusoma." Hapo mazungumzo yameanza.

Na siku utakapofika mwenyewe saluni, mwambie fundi kwa upole, "Dada, naomba kwanza niione chupa." Fundi mwema hatachukia. Ataisoma pamoja nawe, na pengine siku hiyo naye ataifahamu kwa mara ya kwanza. Wateja kumi wakiuliza hivyo katika soko la Kyela, wengine kumi Ipinda na Matema, mwenye duka ataanza kuwauliza wanaomletea mzigo. Hapo chupa isiyo na jina itakosa mnunuzi kwetu, na mikono ya mabinti zetu itabaki mizima.